Maoni: Kolwezi inatoa kobalti, lakini nani anapima mishipa ya miguu yetu?

Baba yangu mdogo alikuwa anasimama mara nne kati ya nyumba yake, upande wa Kingamyambo, na barabara ambapo watu wanapanda taksi-moto. Mara ya kwanza alijifanya anasalimia mtu. Mara ya pili alifunga kamba ya kiatu. Mara ya tatu na ya nne hakuwa tena na la kusingizia: alishika ukuta wa jirani, akangoja shavu la mguu liache kumbana, kisha akaendelea. Sisi watoto wa nyumba tulicheka, tukisema mzee anapenda kupiga habari na kila anayepita. Leo ana mguu mmoja, na mimi sina tena cha kucheka.

Alikuwa mtu wa Gécamines. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha madini cha Kolwezi, kile ambacho mabaki yake yalimwagwa Kingamyambo hadi yakawa kilima cha udongo laini wenye shaba na kobalti ndani. Mabaki hayo yana sifa kuliko watu wanaoishi kando yake. Mwaka 2009 serikali ilivunja mkataba wa First Quantum, kesi zikafika ng'ambo, mali ikabadilisha mikono, na leo Metalkol inaosha tena udongo ule ili kutoa kilichobaki. Waandishi wa habari, na mimi nikiwemo, tumeandika sana juu ya tani na dola za pale. Juu ya mguu wa mzee aliyeshindwa kutembea mita mia mbili hatukuandika kitu.

Niseme mapema: sidai kwamba mgodi ndio uliziba mishipa ya baba mdogo. Alivuta tumbaku tangu ujana, na sukari ilimpata akiwa na zaidi ya miaka hamsini. Hayo mawili yanatosha. Ninachoandika hapa ni jinsi tulivyopoteza muda, na jinsi familia nyingine za Dilala na Manika zinavyoupoteza leo hii.

Maumivu yale yalikuwa na tabia moja. Yalikuja akitembea, yakaisha akisimama dakika mbili au tatu, yakarudi baada ya umbali uleule. Kwenye kituo cha afya cha kwanza walisema ni rumatizimu, akachomwa sindano. Kituo cha pili walisema ni uzee. Shangazi alileta mtu wa kumchanja wembe kwenye goti na kupaka dawa nyeusi. Kwenye kartie walianza kunong'ona kwamba amekanyaga dawa ya watu, sababu alikuwa na mgogoro wa parseli na jirani. Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha mguu ukaanza kumwamsha usiku, akawa analala ameuning'iniza nje ya kitanda sababu ukishuka chini unapungua kuuma. Ulikuwa baridi kama samaki. Mama mdogo, kwa huruma, akamtilia maji ya moto kwenye beseni.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Mtu wa sukari mara nyingi hasikii vizuri moto kwenye nyayo. Maji yalimuunguza bila yeye kujua. Kidonda kilitoka kwenye kidole gumba, hakikupona, kikageuka cheusi. Tulipofika hospitali kubwa, daktari wa upasuaji alitazama tu na kusema kipo kitu kimoja cha kufanya. Alikatwa chini ya goti. Hospitali siitaji, maana daktari yule alipokea mguu uliokwisha kufa. Kosa lilikuwa limefanyika njiani, na sisi wenyewe tuna sehemu yetu ndani yake.

Katika miaka ile yote miwili, hakuna mtu hata mmoja aliyempima presha ya kifundo cha mguu.

Kipimo hicho kinaeleweka na kila mtu. Infirmye anafunga kile kitambaa cha kupimia tansio kwenye mkono, anaandika namba. Kisha anakifunga juu kidogo ya kifundo cha mguu, anasikiliza damu kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachoitwa Dopla, anaandika namba. Anagawanya ya mguu kwa ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye mishipa mizuri, namba hizo zinakaribiana, au ya mguu inapita kidogo. Ikishuka chini ya 0.9, ateri za mguu zimeanza kuziba. Kwa watu wa sukari kuna mtego: mishipa yao wakati mwingine imekuwa migumu kama bomba, kitambaa hakiwezi kuibana, namba inatoka juu kuliko kweli, hata kupita 1.4. Daktari anayejua hilo hadanganywi. Kazi yote inachukua muda wa kupika chai.

Hata kabla ya Dopla kuna vidole vya mkono. Juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani, damu inapiga kama kwenye kiwiko cha mkono. Kuna watu wazima wa afya ambao mapigo ya juu ya mguu hayasikiki, hiyo si ajabu. Lakini mzee wa tumbaku na sukari, ambaye anasimama kila mita mia mbili, ambaye hasikiki popote mguuni, huyo hana rumatizimu.

Ugonjwa wenyewe ni wa dunia nzima. Hesabu moja kubwa ya wataalamu ilionyesha kwamba mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 200 walikuwa nao, na wengi wao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani si ugonjwa wa Wazungu wanaokula jibini. Ni mafuta na chokaa vinavyoganda ndani ya ateri polepole, sawa na kutu kwenye bomba za Rejideso zilizowekwa enzi za Union Minière: siku nyingi maji yanapita kidogo kidogo, nawe unazoea, hadi asubuhi moja robine inakohoa hewa tu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nikasirike vizuri, nilipoanza kusoma baada ya mguu kuzikwa. (Ndiyo, tuliuzika. Familia ilibishana juu ya hilo siku mbili.)

Mwaka 1964, tarehe 16 Januari, mjini Portland, Marekani, mwanamke wa miaka 82, Laura Shaw, alikuwa katika hali ileile. Vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza, wapasuaji walisema akatwe, yeye akakataa. Akapelekwa kwa daktari wa radio aitwaye Charles Dotter. Dotter alipitisha waya ndani ya ateri ya paja lake, kisha juu ya waya ule akapitisha mirija ya plastiki, mwembamba kwanza, mnene baadaye, hadi pale palipoziba pakafunguka. Hakukata nyama, hakufungua mguu. Mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, na bibi yule aliishi miaka zaidi ya miwili tena akitembea kwa miguu yake miwili. Mwaka huo Congo yetu ilikuwa kwenye vita vya waasi wa Simba. Ni zamani kiasi hicho.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Andreas Grüntzig, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, aliweka baluni ndogo kwenye ncha ya mrija, na tangu hapo kazi hii ikawa ya kila siku katika hospitali za dunia. Leo inafanywa hivi. Mgonjwa yuko macho. Daktari anatia ganzi mahali padogo kwenye kinena, anatoboa kwa sindano, anaingiza waya. Mashine ya radio na dawa inayoonekana kwenye picha vinamwonyesha pale damu inakwama. Waya ukishapita, baluni inafuata juu yake ikiwa imekunjwa, inajazwa, inabana uchafu ukutani mwa mshipa, inapunguzwa, inatoka. Mshipa ukitaka kujifunga tena, anaacha ndani bomba dogo la wavu wa chuma linaloitwa stenti. Tundu la kinena ni dogo kuliko punje ya muhindi. Wengi wanarudi nyumbani siku ileile au kesho yake.

Stenti hiyo ya chuma inanifanya niseme neno, maana kwenye mikutano ya hapa Kolwezi napenda kusikia wasemaji wakidai kila kitu duniani kimetengenezwa kwa kobalti yetu. Stenti nyingi za moyo kweli ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Za paja mara nyingi ni nikeli na titani, sababu mguu unakunjwa na chuma lazima kirudi umbo lake. Kwa hiyo sitadai kwamba kobalti ya Kingamyambo ingeokoa mguu wa baba mdogo. Kodi ya kobalti hiyo, ndiyo.

Lakini kabla ya kufika kwenye makuta, ninaomba msomaji asikimbie kupiga kelele kwamba tununuliwe mashine. Nimeona mashine zinavyokuja: kamera, riboni, hotuba, na baada ya miezi sita chumba kimefungwa sababu fundi hayupo au umeme wa SNEL umeunguza kadi. Kufungua mshipa kwa baluni si dawa ya kila mguu unaouma. Kuna hatari zake: damu kuvuja kwenye kinena, mshipa kupasuka ndani, kipande cha uchafu kukimbilia kwenye vidole, figo kuumia kwa ile dawa ya picha, hasa kwa watu wa sukari. Na mshipa uliofunguliwa unaweza kuziba tena. Hata wataalamu hawajamaliza ubishi: mwaka 2022 utafiti mkubwa uitwao BEST-CLI ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye mshipa mzuri wa kuazima, upasuaji wa kuipa damu njia ya pembeni ulitoa matokeo bora, mwaka 2023 utafiti wa Uingereza, BASIL-2, uliotazama zaidi mishipa ya chini ya goti, ukaonyesha kinyume chake. Na mwaka huohuo 2023 gazeti la New York Times liliandika juu ya kliniki za Marekani zilizowafungulia watu mishipa ovyo ili kupata malipo, na baadhi ya watu hao wakaishia kukatwa miguu waliyokuja nayo mizima. Mahali penye feza nyingi na macho machache, mashine inaweza kuwa mgodi mwingine. Sisi wa Lualaba tunaelewa lugha hiyo.

Kwa mtu ambaye bado anasimama njiani tu, bila kidonda na bila maumivu ya usiku, dawa ya kwanza si baluni. Ni kuacha tumbaku kabisa, vidonge vya bei ndogo vya kupunguza mafuta na kuzuia damu isigande, kushusha sukari na tansio, na kutembea. Ndiyo, kutembea: hadi maumivu yafike, kupumzika, kuendelea, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu angalau. Mwili unafungua vijia vidogo na misuli inajifunza kutumia damu kidogo vizuri zaidi. Baba mdogo aliambiwa apumzishe mguu. Alipumzisha, akanenepa, akaendelea kuvuta.

Baluni au upasuaji ni kwa wale ambao mguu wenyewe uko hatarini: maumivu hata akilala, kidonda kisichopona, kidole kinachobadilika rangi. Kwa hao kila wiki ina hesabu. Na hao ndio wanaokuja kwetu na kukuta kisu pekee.

Ninapowauliza watu wa afya sababu gani, jibu la kwanza ni kwamba jambo hili ni la nchi tajiri. Sikubali. Tanzania ni jirani yetu, tunakunywa ziwa moja. Kule Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2018 timu za madaktari na mafundi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, zilikwenda kwa zamu kufundisha kazi hizi za kupita mwilini kwa sindano na picha. Kabla ya hapo nchi haikuwa na mafunzo ya namna hiyo. Hawakuanza na mishipa ya miguu. Walianza na kutoa usaha wa ndani, kuchukua vipande vya kupima saratani, kufungulia mkojo figo zilizoziba. Wanafunzi wa kwanza ndio leo wanafundisha wenzao. Walianza na watu. Mashine kubwa waliyokuwa nayo haikuwa na maana hadi mtu alipojua kuishika.

Sasa makuta. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inasema redevansi inayolipwa na kampuni za migodi inagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini au sekta ambamo mgodi uko, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti iliwekwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati, na redevansi yake ni 10%. Mbali na hiyo, kila kampuni inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya wakaaji wanaoizunguka, na kuna kamati za kuamua miradi hiyo ambamo wakaaji wana viti. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka hapa tunapokanyaga. Nimehudhuria mikutano kadhaa ya namna hiyo. Tunaomba shule, visima, majengo ya vituo vya afya, wakati mwingine uwanja wa mpira. Ni vizuri. Sijasikia mtu akiomba Dopla ya mkononi kwa infirmye, wala karo ya daktari mmoja kijana aende kusoma miaka miwili na kurudi. Vitu hivyo havina ukuta wa kuandikia jina la kampuni kwa rangi.

Mimi ningeomba katika mpangilio huu. Kila kituo cha afya cha Dilala na Manika kiwe na Dopla na infirmye aliyefundishwa kuitumia, na kila mtu wa sukari avue viatu na soksi kila anapokuja, miguu itazamwe hadi katikati ya vidole. Hilo halingoji Kinshasa. Bima ya afya kwa wote iliyozinduliwa mwaka 2023 ilianza na akina mama wanaojifungua, na ni haki yao. Ateri za wazee zitafika kwenye orodha hiyo siku ya mbali sana. Kisha ofisi ya afya ya jimbo itangaze kwa maandishi, kwenye ukuta wa kila hospitali na kwenye redio, ni wapi katika Lualaba na Haut-Katanga mgonjwa wa mishipa ya miguu anapokelewa, siku gani, na kwa bei gani. Familia isitafute habari hiyo kwa kupiga simu kwa binamu wa Lubumbashi usiku, kama sisi. Na kama ni kujenga chumba cha kufungulia mishipa, kiwe kimoja cha majimbo yote ya Katanga ya zamani, mahali penye madaktari wengi, chenye bajeti ya vifaa na mishahara, si mashine pekee. Kilomita 300 za lami kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, na peaji zake zote, ni bei ndogo kwa mguu. Kwenda India, ambako wenye nafasi wanakwenda, ni bei ya nyumba.

Kuna atakayesema: watoto wetu wanakufa kwa malaria, nawe unalia juu ya mishipa ya wazee wavuta sigara. Nimejiuliza swali hilo mwenyewe. Lakini tazama nani anakaa na mzee aliyekatwa mguu. Kwetu ni binti yake wa miaka kumi na saba. Aliacha shule mwaka uliobaki mmoja kufika eksetata, sababu mama mdogo ndiye anauza mampa sokoni na mtu lazima abaki kumnyanyua mzee. Mguu mmoja umetoka pamoja na diploma moja. Na Kolwezi ya leo si ya wazee tu: vijana wanaobeba magunia ya madini wanavuta, wanakunywa lutuku, wanakula usiku kilichopatikana, na wengi hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Watafika miaka hamsini.

Baba mdogo sasa amepata mkongojo na kiti chini ya mwembe, mahali wastaafu wa Gécamines wanakutana kungoja habari za malipo yao. Mwezi uliopita nilimkuta amewalazimisha wote kuvua viatu. Anawagusa mmoja mmoja juu ya mguu kwa vidole viwili, amefunga macho, kama daktari wa kweli. Wawili hakusikia kitu kwao. Mmoja alicheka akavaa kiatu chake. Mwingine, fundi wa zamani wa locomotive, aliniuliza kwa sauti ya chini kile kipimo cha kifundo kinafanyikia wapi hapa mjini. Nilitumia siku tatu na simu tisa kupata jibu la kumpa.